Moshi Ulipotoka, Mkaa Ukaingia

Mwaka 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke ulikata milima ya Usagara ukielekea Ziwa Tanganyika. Ni milima ileile inayoifunga Kilosa ya leo upande wa magharibi, na bonde la mto Mkondoa ndilo lililokuwa mlango wa misafara ya bara. Wasafiri wa karne ile waliopita njia hiyo walikuta misonge ya nyasi upande wa mashariki, na kadiri walivyoukaribia Ugogo wakakuta matembe yenye paa bapa lililofunikwa udongo. Mwaka uliofuata, 1858, katika mji wa Munich, mwanakemia Max von Pettenkofer alieleza namna ya kupima ubovu wa hewa ya chumbani kwa kuangalia hewa ukaa inayotoka katika pumzi za watu waliomo. Ikizidi sehemu moja katika kila elfu, alisema, chumba hicho hakifai tena kukaliwa.

Nyumba za Usagara na kipimo cha Munich vilikaa mbalimbali kwa zaidi ya karne moja. Katika muda huo nyumba ya Kilosa ilibadilika paa, ukuta, sakafu na mlango, na kila badiliko lilikuja na sababu yake njema.

Tuanze na msonge, maana ndiko tulikotoka. Miti ilisimikwa kwa mduara, ikafungwa fito, ikakandikwa udongo, ikaezekwa nyasi. Ukuta haukufika paani. Palibaki mwanya pande zote, na hewa ilipita hapo usiku na mchana bila kuombwa. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na juu yake uchaga uliobeba mahindi ya mbegu. Moshi wa kuni ulikausha mbegu zile, ukafukuza wadudu waharibifu, ukapenya kwenye nyasi na kuzilinda dhidi ya mchwa na uozo. Mbu nao hawakuupenda. Moshi ulikuwa mfanyakazi wa nyumba.

Mfanyakazi huyo alidai ujira mkubwa. Chembe za moshi wa kuni ni ndogo kiasi cha kupita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, na waliokaa karibu zaidi na mafiga walikuwa mama na mtoto aliyefungwa mgongoni. Macho mekundu ya bibi zetu yalionwa kuwa dalili ya uzee, na kikohozi cha mtoto kikaitwa kikohozi tu. Siwezi kuusifu msonge kana kwamba ulikuwa nyumba ya afya. Ulikuwa na hewa nyingi na sumu nyingi kwa wakati mmoja, na hewa ile ilipunguza tu makali ya sumu.

Tembe lilikuwa jambo jingine. Paa lake zito lilihifadhi ubaridi mchana na joto usiku, mifugo ililala jirani na wenye mifugo, na matundu ya kuingizia hewa yalikuwa machache. Katika vumbi la sakafu yake aliishi papasi. Mwaka 1905 Robert Koch, aliyekwisha kujulikana dunia nzima kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani akachunguza sakafu za nyumba na vibanda vya wasafiri kando ya njia za misafara kutoka Dar es Salaam kuingia bara. Alithibitisha kuwa homa ya papasi huenezwa na kupe yule, na kwamba papasi jike humrithisha mtoto vijidudu kupitia mayai. Mwaka huohuo Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakifikia hitimisho kama hilo mashariki mwa Kongo. Dutton alifia Kasongo kwa ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza.

Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli na uliokoa watu. Lakini tangu hapo nyumba ya Mwafrika ikawa mtuhumiwa. Maofisa na wamisionari waliitazama kama kiota cha maradhi, na dawa waliyoihubiri ikawa nyumba ya pembe nne yenye dirisha. Nyumba zao wenyewe walizijenga kwa kuta nene, dari ya juu sana na baraza pande zote, ili joto lipande na upepo upite. Hewa ilikuwa sehemu ya ramani tangu siku ya kwanza. Kwa wafanyakazi hali ilikuwa tofauti. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, iliingia Kilosa mwaka 1909, na mashamba ya mkonge yakaenea Kimamba na kandokando yake. Manamba walioletwa kutoka mbali waliwekwa kambini, katika vyumba vya safu vilivyojengwa kwa kuhesabu vichwa. Serikali ya Waingereza iliunda Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne, makao yake yakiwa Morogoro, na makazi ya vibarua yalikuwa miongoni mwa kazi zake. Mdororo wa uchumi ulipokuja, idara ikavunjwa mwaka 1931.

Treni ilileta bati na saruji. Bati halishiki moto, halitaki kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, halikai nyoka. Mtu aliyewahi kuamka usiku wa masika kusogeza kitanda kwa sababu ya kuvuja hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini bati halipitishi moshi kama nyasi, na jua la mchana la Kilosa hulifanya litoe joto chini yake. Mafundi wa kwanza waliliweka bati juu ya ukuta wa udongo huku wakiuacha mwanya wa zamani chini ya kenchi, na kwa miaka mingi mwanya huo ndio uliofanya nyumba ya bati ikalike.

Mjini Kilosa, katika mitaa kama Magomeni na Mbumi, nyumba iliyoshinda ilikuwa ile ya Kiswahili iliyopanda na reli kutoka pwani. Baraza mbele, mlango mmoja mkubwa, korido iliyonyooka katikati, vyumba kulia na kushoto, kisha mlango wa nyuma unaotokea uani. Jiko na choo viko uani. Nadhani hii ndiyo nyumba yenye akili zaidi kuwahi kujengwa Kilosa kwa habari ya hewa, na haikuchorwa na mhandisi. Milango ya mbele na nyuma ikifunguliwa, korido huvuta upepo kutoka barabarani hadi uani. Kuta za vyumba haziendi hadi kwenye bati, kwa hiyo joto la chumbani hupanda, hutoka juu, na hewa mpya huingia chini. Moshi wa kuni unabaki nje, na wanawake hupika huku wanazungumza chini ya anga.

Udhaifu wake ulikuwa wa kijamii. Nyumba iliyobuniwa kwa ukoo mmoja ikaja kupangishwa chumba kimoja kimoja. Kila mpangaji akawa na kufuli lake, pazia lake na mashaka yake kuhusu jirani. Mlango wa mbele ukafungwa mapema, wa nyuma nao ukafungwa. Sauti na harufu zilizopita juu ya kuta zikawa kero, kuta zikaongezwa hadi kwenye bati, au dari ya mbao na silingibodi ikapigwiliwa. Mvua ikinyesha, uani hapapikiki, na jiko likahamia koridoni, mbele ya mlango wa kila mmoja. Korido iliyokuwa njia ya upepo ikawa jiko la familia nne.

Baada ya Uhuru nyumba ikawa jambo la taifa. Mwaka 1971 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa ujenzi, ambacho mrithi wake ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulioanza 2001 na unaojulikana kwa matofali yake ya kufungamana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu takriban milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kuhusu vyoo, malaria, minyoo na kifua kikuu. Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika mabondeni na milimani, wakajenga upya kwa mistari. Na mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwasuta waliokataa matofali ya kuchoma na vigae huku wakisubiri bati na saruji, akawakumbusha kwamba saruji nayo asili yake ni udongo. Alikuwa sahihi kabisa. Lakini mjadala huo, kama mingine iliyokuwapo kuhusu nyumba bora, ulihusu vitu ambavyo nyumba imejengwa navyo. Paa, ukuta na sakafu vilionekana, vikahesabiwa, vikaingia kwenye ripoti. Hewa haina rangi.

Mikumi, mji mwingine wa wilaya ya Kilosa, ulikua kwa namna yake. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia ilipowekwa lami, malori yakaanza kulala hapo. Mji ukajinyoosha kando ya lami: gesti, vibanda vya chipsi, gereji, maduka ya vocha. Chumba cha gesti cha bei ya chini ni somo zuri. Dirisha moja dogo lenye nondo na wavu, pazia zito juu yake kwa sababu ya taa za malori, feni inayozungusha hewa ileile. Feni haileti hewa mpya. Inampa mlalaji upepo wa hewa aliyokwisha kuivuta yeye mwenyewe.

Wakati huohuo mafiga yalikuwa yakiliachia nafasi jiko la mkaa. Misitu ya miombo ya Kilosa ni chanzo kikubwa cha mkaa unaoteremka kwenda Morogoro na Dar es Salaam, na historia ya karibuni ya mkaa huo ina sehemu ya kujivunia. Kuanzia mwaka 2012 mradi uliofadhiliwa na Uswisi na kuendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mashirika ya MJUMITA na TaTEDO uliingia vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwe. Msitu wa kijiji uligawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukana, kila kipande kikipewa miaka 24 ya kuchipua upya. Ushuru ukabaki kijijini, ukajenga madarasa na zahanati. Wachomaji walifundishwa tanuri linalotoa mkaa mwingi zaidi kwa gogo lilelile.

Moshi wa kazi hiyo ulibaki msituni, juu ya tanuri la udongo. Mkaa uliofika mjini ulikuwa umekwisha kumwaga moshi wake, na hapo ndipo hadithi hii ilipogeuka. Huwezi kupikia kuni sebuleni, zitakutoa machozi. Mkaa ukishashika moto huwa mwekundu, safi, kimya. Kwa hiyo jiko lilitoka uani likaingia koridoni, likatoka koridoni likaingia chumbani. Kinachotoka kwenye mkaa mwekundu ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili unajaa gesi hiyo huku pua haina habari. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja. Aliyezoea moshi wa kuni anaamini kuwa pasipo moshi hapana hatari, na imani hiyo ndiyo inayoua watu wanaoingiza jiko chumbani wakati wa baridi na kufunga mlango. Vijiji vya juu, upande wa Ukaguru na Rubeho, vinaijua baridi hiyo ya Juni na Julai.

Kisha mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo, ukakata reli, ukaingia mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Nyumba za udongo ziliyeyuka. Baada ya maji kama yale hakuna mzee atakayemwambia kijana ajenge kwa fito na udongo, na sioni kwa nini amwambie hivyo. Tofali, nondo na saruji vilikuwa jibu la busara.

Nyumba inayojengwa sasa Kilosa na Mikumi ina msingi wa mawe au tofali za saruji, lenta ya zege, bati la msauzi, dari ya jipsamu, sakafu ya vigae, na madirisha ya alumini yenye vioo vya kuteleza. Jiko limo ndani, choo kimo ndani. Kioo cha kuteleza hufunguka nusu tu ya dirisha, maana nusu nyingine hujificha nyuma ya mwenzake. Dari ya jipsamu imeziba mwanya wa chini ya kenchi kabisa. Tundu la juu ya dirisha, lile ambalo nyumba za zamani za serikali zilikuwa nalo likiwa na wavu, limeachwa kwa sababu linaingiza vumbi na linaharibu sura. Fundi hakukosea, amefanya alichoambiwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameiga alichoona Dar es Salaam.

Hapa kipimo cha Pettenkofer kinasema wazi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina hewa ya lita 24,000 na ushei. Watu wazima wawili waliolala hutoa kwa pamoja karibu lita 30 za hewa ukaa kila saa. Hewa ya nje ina kiasi cha sehemu 0.4 kwa elfu. Mlango na dirisha vikifungwa sawasawa, chumba kitavuka mpaka wa sehemu moja kwa elfu katika nusu saa, na kabla ya alfajiri kitakuwa kimeuzidi mara kadhaa. Hewa ukaa kwa kiasi hicho haiui. Inaleta kichwa kizito asubuhi, na inatuambia kuwa kila kingine kinachotolewa na wenye chumba kimebaki humo pia: unyevu unaootesha ukungu nyuma ya kabati, mvuke wa rangi mpya na mbao za kubandikwa, na vijidudu vya kifua kikuu kama mmoja wao ni mgonjwa.

Nchi za baridi zilipitia njia hii kabla yetu. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, Ulaya na Marekani ziliziba nyumba zao ili joto lisitoke, na katika miaka iliyofuata madaktari wakaanza kukutana na wafanyakazi wanaoumwa kichwa na macho kwa sababu ya jengo lenyewe. Wao walijibu kwa mashine za kuvuta hewa. Sisi tumeziba nyumba bila kuwa na baridi ya kuizuia, katika mji ambao upepo wa jioni ungetosha kama ungeachiwa njia.

Ila ziko sababu za kuziba ambazo mtu makini hawezi kuzipuuza, na kubwa kuliko zote ni malaria. Mbu aina ya Anopheles huingia hasa kwa kupitia mwanya ule wa juu ya ukuta. Taasisi ya Afya Ifakara, jirani zetu wa bonde la Kilombero, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, imetumia miaka mingi kuchunguza mwanya huo na namna ya kumzuia mbu hapo bila kuzuia hewa. Kuuziba kwa saruji kunamzuia mbu. Pia kunafanya chumba kiwe cha moto kiasi kwamba watu hukaa nje hadi usiku wa manane, au hulala bila chandarua, na mbu huwakuta hukohuko. Lililo la kustaajabisha ni kwamba mbu humtafuta mtu kwa kufuata hewa ukaa ya pumzi yake. Chumba kinachopitisha upepo hutawanya harufu ya waliolala. Mbu na hewa mbaya vina adui mmoja.

Hilo limejaribiwa kwa vitendo hapahapa Tanzania. Baada ya nyumba chache za mfano katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, watafiti na wasanifu, akiwamo Jakob Knudsen wa Denmark, walijenga nyumba 110 katika vijiji vya Mtwara na kufuatilia afya ya watoto waliohamia humo. Ni za ghorofa, vyumba vya kulala viko juu, sehemu kubwa ya ukuta ni wavu unaopitisha upepo, na jiko lina njia yake ya kutolea moshi. Joto la Mtwara na la Mikumi halitofautiani sana.

Upande wa jiko serikali imechukua hatua. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliitisha kongamano la nishati safi ya kupikia Dar es Salaam, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi na gesi za jikoni. Mtungi wa gesi unaonekana sasa hata kwenye maduka ya vijijini Kilosa. Ni ukombozi, hasa kwa mama aliyekuwa anapuliza kuni saa kumi na moja alfajiri. Gesi ya mtungi nayo ina masharti yake: ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliitoi. Jiko la gesi linahitaji tundu chini, karibu na sakafu, na jingine juu kwa ajili ya mvuke na gesi za moto. Na nyumba nyingi bado hutumia vyote viwili, gesi kwa chai, mkaa kwa maharage.

Treni ya umeme ilianza kupita Kilosa mwaka 2024 ikielekea Dodoma, na pamoja nayo wameanza kuja wanaotafuta kiwanja. Kuta wanazoinua zitasimama miaka hamsini. Kuna siku moja katika ujenzi, fundi anapofika usawa wa lenta, ambapo mstari mmoja wa matofali yenye matundu, ukiwekewa wavu wa mbu kwa ndani, unaweza kupangwa juu ya dirisha kwa kazi ya asubuhi moja. Ikishapita siku hiyo, tundu hilo litatobolewa kwa nyundo na tindo.